Darubini Mbili Juu ya Kilima cha Kibati

Tangu nirudi Kigoma, kila ninayekutana naye ana maswali mawili: darubini yako iko wapi, na yule mama uliyetutumia picha yake mbona hukuja naye. Nimejibu kwa vipande. Mmoja nimemwambia hili stendi, mwingine lile msibani, na sasa vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Basi nawaandikia safari yote mara moja, tangu nilipotoka hapa mpaka siku niliyoondoka Goma. Mambo ya pasipoti na mihuri nayaruka, hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kigoma hadi Bujumbura

Mnakumbuka nilivyokuwa nikibeba mizigo ya wazungu wanaokuja kutazama ndege. Siku moja mmoja wao aliniruhusu kuinamia darubini yake, ile ya kusimama kwa miguu mitatu. Nikamwona tai mla samaki juu ya mti wa ng'ambo ya ghuba, karibu kabisa, magamba ya samaki yamemganda mdomoni. Nilipoinua kichwa, mti ukawa umerudi mbali. Tangu siku ile nilimwonea wivu kila mtu mwenye chombo kama kile. Nilikuwa mtu wa kuhamahama tayari, sikai mahali msimu ukaisha, na niliona kwamba mtu wa kuhama anahitaji kitu cha kumletea karibu alivyoviacha.

Niliposikia kwamba Goma kuna mlima unaotoa moshi mchana kutwa na kwamba watu hupenda kuutazama, nikajikusanya. Nilipanda basi la kuelekea mpakani Manyovu, nikafika Bujumbura nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Darubini niliipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka la saa, redio na cherehani za mtumba. Alikuwa nazo mbili, zote zimetoka Ulaya zikiwa zimetumika. Nilisimama mlangoni saa sita mchana, jua limewaka, nikaelekeza moja kwenye kibao cha duka la dawa mtaa wa pili. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu, imeandikwa kwamba inakuza mpaka mara sabini na tano. Nilisoma herufi ndogo kabisa za chini. Sikuhitaji zaidi.

Wakati nafurahi, akaingia mwanamume mfupi, koti la ngozi, viatu vinang'aa kama vile vumbi la Bujumbura halimhusu. Alikuwa Paluku, mfanyabiashara wa Butembo, anauza viatu vya mtumba. Aliomba kuzishika zote mbili. Hakutazama kibao cha duka la dawa. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akala ndizi, akangoja mpaka jioni, jua lijifiche nyuma ya majumba. Halafu akaelekeza darubini chini ya lori lililoegeshwa mbali, kwenye giza la matairi, akajaribu kusoma kilichoandikwa pale. Akafanya hivyo kwa ya kwanza, akafanya hivyo kwa ya pili.

Akaniachia ile yangu. Yeye alichukua nyingine, fupi, kioo chake cha mbele kipana kama kisahani cha kikombe, na mahali pa kuwekea jicho pamepinda kuelekea juu. Inakuza mara arobaini na tano tu.

Nikacheka. "Umechukua ya namba ndogo."

"Namba haionekanake, papa," akasema. "Mwangaza njo unaonekana." Njo ni ndio ya kwao.

"Na hiyo shingo iliyopinda?"

"Hii, hata mama mwenye kubeba mutoto ku mugongo ataangalia. Yako inataka mutu murefu kama wewe, abaki amesimama kama mulingoti."

Mhindi alicheka. Mimi nilijiambia kwamba mtu huyu hajui anachonunua. Lakini usiku ule gesti nilijikuta nainua darubini yangu kwenye kona yenye giza la chumba, na sikuona kitu.

Bujumbura hadi Bukavu

Asubuhi nilimkuta kwenye gari lile lile nililopanda mimi kwenda Bukavu. Uvira tulikula ndagala wabichi waliokaangwa, na mama muuzaji alimwongezea Paluku bila kuombwa, kwa sababu alimsalimu kwa jina la mtoto wake mkubwa. Alilijuaje? Alimsikia mtu mwingine akimwita. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na masikio mawili, sikusikia.

Kamanyola tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari waliona mfuko wangu mrefu wakarudi nyuma.

"Shuka! Weka chini! Hiyo ni nini?"

"Ni darubini, afande."

"Daru nini?"

"Jimeli," Paluku akasema kutoka dirishani. Jimeli ndilo jina wanaloliita huko. "Jimeli ya jicho moja, afande. Huyu Mutanzania anapenda ndege."

"Ndege za jeshi?"

"Ndege za kula mahindi."

Walinitaka niiunge pale pale barabarani. Nikaiweka kwenye miguu yake, nikaelekeza kwenye vilima vya ng'ambo ya mto Ruzizi. Mkubwa wao akainama, akakaa ameinama mpaka abiria wakaanza kuguna. Kumbe ameona ng'ombe na anachagua mzuri. Halafu kila askari akataka zamu, na wa mwisho akataka zamu ya pili. Wakati huo Paluku anakula muwa kivulini. Yake alikuwa ameiviringisha ndani ya kitenge katikati ya viatu, na hakuna aliyeigusa.

Kwenye mlima wa Ngomo lori lilikuwa limelala ubavu njiani, tukakaa upande mmoja wa lori na magari mengine upande wa pili mpaka dereva akapata watu wa kulivuta. Tulikula maparachichi na ndizi za kuchoma. Paluku aliimba na wamama wa Bukavu nyimbo za misa. Ilikuwa sauti nzuri, nalo hilo lilinikera.

Bukavu hadi Goma

Boti ya ziwa Kivu iliondoka asubuhi. Baada ya kupita vijiji vya kwanza vya Idjwi, Paluku alifungua kitenge chake, akaisimamisha darubini. Abiria wakaanza kujipanga. Mama mmoja mnene, mtoto mgongoni, aliinamisha kichwa kidogo tu, akapiga kelele, "Yesu we! Naona nguo zinaanikwa! Naona hata pantalo!"

Nami nikafungua yangu. Watu wenye heshima walikuja kwangu wawili watatu. Lakini boti ilikuwa inatetemeka kwa injini, na darubini inayokuza mara sabini na tano hukuza mtetemeko mara sabini na tano. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Papa, yako inaonesha supu."

Wale walirudi kwenye mstari wa Paluku. Tulipoiona Goma, mlima nyuma yake na moshi juu ya mlima, kila mtu aliuona kwanza kupitia kioo cha mtu mwingine. Mimi niliutazama kwa macho matupu, nikala sambaza, dagaa wa ziwa lile, waliokaangwa, nikajifanya naona vizuri.

Goma hadi Sake, na kurudi

Mtaniuliza kwa nini basi nilipanga chumba kwenye parsele moja naye, yaani ua mmoja. Nilikuwa simjui mtu mwingine, na yeye hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi kumchukia. Paluku alinionyesha ya kufanya: Jumapili baada ya misa familia za Goma hutembea kando ya ziwa zikiwa zimevaa vizuri, na ukisimamisha jimeli mahali penye nafasi, watoto watawavuta baba zao waje kulipa. Miaka ikapita hivyo. Nilijifunza darubini yangu kama mtu anavyojifunza mke mkali. Nilijua kwamba asubuhi na jioni haina macho. Nilijua kwamba jua likikolea juu ya yale mawe meusi, hewa inachemka na picha inacheza kama kitambaa. Nilijifunza kuning'iniza mfuko wa mawe chini ya miguu yake ili upepo usiitikise. Hata hivyo mstari mrefu ulikuwa kwa Paluku.

Kisha mlima ukafunguka. Hilo mmelisikia kwenye redio. Moto ulishuka ukasimama ukingoni mwa mji, na siku chache baadaye ardhi ikiwa bado inatikisika tuliambiwa tuhame. Mji mzima uliingia barabara ya Sake asubuhi. Watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi, cherehani. Mimi nilibeba darubini, na wamama waliniangalia kama mwendawazimu. Paluku alibeba godoro, na ndani ya godoro darubini.

Sake tulilala kwenye ua wa shule. Kila aliyefika alikuwa na swali moja: moshi wa mlima ni mweupe au mweusi? Asubuhi yangu haikuona kitu, ni ukungu tu. Ya Paluku, na kile kioo chake kipana, ilikusanya mwanga uliokuwepo, na watu wakapewa habari kabla ya chai.

"Mweupe," mtu akitangaza, na ua mzima ukishusha pumzi.

Walimletea Paluku viazi. Walimletea jibini ya Masisi imefungwa kwenye jani. Alinigawia nusu, kila siku. Jibini yenyewe ilikuwa tamu na mimi niliila kwa hasira.

Goma hadi kilima cha Kibati

Tulirudi mjini, tukajenga tena, tukafikiri yaliyobaki ni ya kawaida. Halafu waasi wakashuka kutoka upande wa Bunagana, wakachukua Rutshuru na Kiwanja, wakafika Kibumba. Watu wa Kibumba walikuja wote kwa miguu, wakaweka vibanda vya maturubai juu ya mawe ya moto wa zamani, huko Kanyaruchinya, kaskazini ya mji.

Juu kidogo ya pale, upande wa Kibati, kuna kilima. Ukisimama juu yake unaona ng'ambo ya bonde mteremko wa kwanza wa kuelekea Kibumba, mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe meusi, nyumba za mabati katikati. Ni karibu. Mtu angetoka asubuhi akafika kabla ya jua kali. Ila katikati walikuwepo wanajeshi upande huu na waasi upande ule.

Paluku ndiye aliyewaza. Alizungumza na shefu wa mtaa, shefu akazungumza na wanajeshi, na tukaruhusiwa kupanda asubuhi, sajini mmoja akiwa amekaa pembeni yetu kwenye jerikani. Wamama wa kambi wakaja kutazama nyumba zao. Hakuna aliyekuja kutazama ndege. Walitaka kujua kama bati bado liko, kama mlango umevunjwa, nani anachimba viazi vyao. Mmoja aliona mbuzi wake akiwa amefungwa kwa jirani aliyebaki, akatukana kwa Kinyarwanda mpaka sajini akaziba masikio, ingawa alikuwa mtu wa Kisangani na hakuelewa neno.

Hapo ndipo nilipomjua Mapendo, yule wa kwenye picha. Alikuwa anauza viazi vya kuchemsha kwa wale wanaongoja zamu, na chumvi yenye pilipili kwenye kipande cha karatasi. Mjane. Siku ya kukimbia, mume wake, Bahati, alirudi kumfungua ng'ombe, na jirani mmoja alisema alimwona ameanguka kando ya barabara. Walikaa matanga kambini, chini ya turubai. Yalikuwa yamekwisha nilipofika.

Alinicheka kwanza, na mimi nikapenda kuchekwa naye.

"Papa Kigoma, mbona jimeli yako haina watu? Inauma?"

"Inangoja mtu anayejua vitu vizuri."

"Basi itangoja mpaka Yesu arudi."

Alizungumza juu ya Bahati bila kuficha, na mimi nilisikiliza, kwani mtu aliyekufa nilidhani hana madhara. Alinieleza jinsi alivyokuwa akimchosha shambani. Kule Kibumba, jembe likigonga jiwe, watu hulitupa ukutani na kuendelea. Bahati hakutupa. Zamani jiwe lake lilivunja mguu wa ndama wa jirani, na tangu hapo kila jiwe alilibeba kwa mikono miwili mpaka ukutani, akalizungusha, akalitafutia pa kukaa.

"Mimi niko namaliza mistari yangu," akasema, "yeye iko natembeza majiwe kama bibi harusi. Nilikuwa namwambia, Bahati, tutakula ukuta?"

Nilituma watu kwa mjomba wake na posa. Mjomba alipokea, akasema tungoje kidogo, watu wasiseme. Hiyo ndiyo siku niliyowatumia picha, na baadhi yenu mlinijibu kwa vigelegele.

Halafu nikaanza kuona jambo. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, kabla yangu haijaanza kuona, Mapendo alikuwa kwa Paluku. Hakujipanga kwenye mstari, alikuwa wa kwanza. Aliinama pale akakaa muda mrefu, kisha walinong'ona, na Paluku akimshika bega. Nikisogea, walinyamaza. Nilimwambia, "Njoo utazame kwangu." Akaja, akatazama kama mtu anayeonja chumvi, akasema, "Yako inaonesha dirisha tu. Nataka shamba nzima." Akarudi kule.

Nikakonda. Nilihesabu tabasamu zake. Yale maparachichi, zile nyimbo, wale ndagala wa Uvira, vyote vilirudi vikakaa kifuani.

Kilimani, asubuhi baada ya mvua

Nilimkabili Paluku njiani tukishuka, miguu ya darubini yangu begani.

"Wewe una kila kitu. Huyu mmoja niachie."

Alisimama. "Nani?"

"Unajua nani. Mnanong'ona nini kila asubuhi?"

Alinitazama, halafu akacheka, si kwa dharau. "Mutanzania, wivu yako imekosea nyumba."

"Sema basi nyumba ni ipi."

"Siyo yangu kusema. Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa jibu, na nilikuwa nimeshalijua, au hivyo nilidhani. Mapendo ndiye aliyekuja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, na kulipopambazuka hewa ilikuwa imeoshwa, hakuna vumbi, hakuna moshi. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi na mawe bado yalikuwa baridi, kwa hiyo hewa haikuwa imeanza kuchemka. Ni saa ile moja ambayo darubini yangu huwa bora kuliko zote, na ilikuwa haitokei mara nyingi. Alisimama mbele yangu bila sinia la viazi.

"Papa Kigoma, ile yako inavuta karibu kushinda ya Paluku, njo vile?"

"Leo, ndiyo."

"Nisaidie basi. Kuna mutu ku shamba yangu. Niko namuona kila asubuhi kwa ya Paluku, lakini ni mudogo, sioni sura. Analima. Nataka kujua ni nani."

Nikaelewa minong'ono yote kwa mara moja, na sikupata nafuu hata kidogo.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia nini? Ulishatuma batu kwa mujomba. Na kama siye yeye?" Alifunga kitenge chake upya, akakifungua, akakifunga. "Nilishamulilia. Siwezi kumulilia mutu mumoja mara mbili. Nilimwambia Paluku tu, sababu jimeli ilikuwa yake, na nilimulisha kiapo."

Paluku alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Hata sajini aliinuka kwenye jerikani.

Niliweka miguu mitatu chini, nikaikanyagia ardhini. Nikaning'iniza mfuko wa mawe. Nilianza na namba ndogo, nikatafuta mteremko, nikatafuta nyumba yenye bati lililopakwa buluu upande mmoja, nikalipata shamba. Kulikuwa na mtu. Nikaongeza polepole, sabini, sabini na tano, nikazungusha mpaka ukingo wa picha ukakaza. Haikutetemeka. Sijawahi kuiona ikitulia vile.

Sura ilikuwa imefunikwa na kofia. Koti jeusi, jembe. Alikuwa anachimba viazi, anainama, anainuka. Ningeweza kusema ni mtu yeyote, na ingekuwa kweli. Kisha jembe likagonga kitu. Aliweka jembe chini. Akachokora kwa vidole, akalitoa jiwe, akalibeba kwa mikono miwili kifuani, akatembea nalo mpaka ukutani. Pale akalizungusha. Akaliweka, halikukaa, akalitoa, akalizungusha tena, akaliweka, akaligonga kwa kiganja.

"Unaona nini?" Mapendo akauliza.

Nilibaki nimeinama. Hakuna kilichonizuia kubaki nimeinama mpaka hewa ichemke.

"Papa Kigoma. Unaona nini?"

"Anabeba jiwe," nikasema.

Hakuja kutazama. Alikaa chini, pale pale kwenye majani yenye maji, mikono kichwani. Wamama waliokuwa wanangoja wakamzunguka bila kujua ni kilio au furaha, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amechagua. Baadaye Paluku alimwinua, mimi nikamshushia miguu ya darubini ili ifike kwenye jicho lake. Alitazama. Mwili wake wote ukatulia.

"Mupumbavu!" akapiga kelele ghafla. "Koti ya harusi! Iko nalima na koti ya harusi!"

Sajini akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wamama wakapiga vigelegele. Mapendo alikuwa anacheka na machozi yanaingia kwenye kioo, na mimi nikatoa leso nifute kioo, siyo uso, maana uso haukuwa wangu tena. Mwanamume yule kule alikuwa ameshaokota jembe lake. Hakujua lolote. Nilikuwa nimewaonea wivu watu wengi katika safari hii, lakini wote walijua walichonacho. Huyu alikuwa anachimba viazi akidhani yuko peke yake duniani.

Kilima cha Kibati hadi bandarini

Mapigano yakatulia kwa muda, na wamama wengine walianza kuvuka kwa njia za pembeni kwenda kuchimba chakula mashambani kwao, wengine wakirudi, wengine wakibaki. Mapendo alikwenda nao. Mjomba wake alikuja kunirudishia nilichotuma, tukakaa, tukanywa chai, akasema, "Pole, mutoto wangu. Hata sisi tulishakaa matanga yake. Tunakuwa na haya." Mapendo aliniaga mbele ya watu wote, kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniachia viazi vya kuchemsha kwenye sinia, na safari hii hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Nilisema nitaondoka wiki ile ile. Sikuondoka. Nilikuwa napanda kilima kila asubuhi, nangoja jua lifikie mahali pake, naitazama ile nyumba. Paluku alininunulia mandazi. Siku moja akasema tu, "Boti ya Bukavu iko na nafasi," na mimi nikamjibu, "Ya kesho."

Kesho yake nilipanda kilima na mfuko wangu wa nguo tayari begani. Mvua nyepesi ilikuwa imepita. Niliiweka darubini, nikaikaza, nikaipata nyumba. Shambani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa na moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati, mwingi, moshi wa kuni mbichi. Nikangoja atoke mmoja wao. Nikaongeza mpaka mwisho. Niliona misumari ya bati. Niliona kuku amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, anangoja kama mimi.

"Unatafuta nini, papa?" sajini akauliza.

"Hawatoki."

Akainama, akatazama kidogo, akanirudishia. "Banakula. Na wewe enda ukule."

Nyuma yangu mstari wa wamama ulikuwa umeanza kunung'unika. Asubuhi ile yangu ilikuwa inaona vizuri, na habari zilikuwa zimeenea. Mama mmoja mzee, kitambaa kichwani, alinigusa kiwiko.

"Papa, toka. Na siye tuko na manyumba."

Nikatoka. Aliinama, akajaribu, akaniuliza wapi pa kuzungusha, nikamwonyesha. Akaisukuma kwa mkono mmoja kuelekea mashariki, kwenye bati lake, na nyumba niliyokuwa naitazama ikateleza ikatoka kwenye kioo. Paluku alinitazama aone kama nitaifungasha. Boti haingoji, na mstari ulikuwa mrefu mpaka chini ya kilima. Nikamwonyesha mfuko wa mawe, nikamwambia asisahau kuuning'iniza upepo ukianza. Kisha nikashuka kwenda bandarini, mikono mitupu, na wivu wangu wote nikiwa nao, kwa maana huo hakuna aliyeuombea zamu.